Mabepari wa Venisi na Watu wa Machimbo

Wako watu wanaodhani kuwa mchezo wa kuigiza ukishafasiriwa kwa Kiswahili basi kazi imekwisha, na kila mwenye masikio ameshapewa haki yake. Lau ingekuwa hivyo, watu wa Geita na Shinyanga wangeujua mchezo wa Shakespeare uitwao Mabepari wa Venisi kama wanavyoijua njia ya kuendea duarani. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ng'ambo ya pili ya Ziwa hilo hilo, aliufasiri na ukatoka chapa mwaka 1969. Tangu hapo umepita umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Kitabu kimekaa katika maktaba na katika vichwa vya waliosoma zamani. Lakini waulizeni vijana wanaosaga mawe kwenye makarasha ya Nyarugusu na Rwamgasa: ni nani kati yenu aliyepata kuuona ukichezwa?

Siulizi hivi kwa kutaka watu wa machimbo waonekane wastaarabu mbele ya Wazungu. Nauliza kwa sababu sijui mchezo mwingine wa kale unaosema na nchi ya dhahabu waziwazi kuliko huu. Ndani yake mna deni, mna dhahabu, na mna nyama ya mtu inayotiwa mizanini.

Kwa wasioujua, kisa ni hiki. Katika mji wa Venisi yuko tajiri mmoja, Antonio, ambaye mali yake yote imo vyomboni, baharini. Rafiki yake Bassanio anataka kumposa Portia, binti wa watu wenye uwezo, naye mfukoni hana kitu. Antonio anamkopea dukati 3,000 kwa muda wa miezi 3 kutoka kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba. Safari hii Shylock hataki riba. Anataka hati iandikwe, kana kwamba ni mzaha, kuwa siku ikipita bila ya malipo atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Zikaja habari kuwa vyombo vimepotea. Siku ikapita. Shylock akaenda mahakamani na kisu chake na mizani yake. Portia naye, kwa siri, akavaa joho la mwanasheria, akatoa hukumu: nyama ni yako kwa mujibu wa hati, walakini hati haikutaja damu, basi kata, usimwage hata tone moja, wala usizidishe wala usipunguze. Hapo Shylock akakwama.

Sasa njooni machimboni. Mchimbaji mdogo aghlabu hana mshahara. Hushuka duarani kwa fungu: mawe yakitoka hujazwa katika viroba, na viroba hugawiwa baina ya mwenye eneo, mwenye duara, mfadhili na wale walioshuka chini. Mfadhili ndiye aliyeleta chakula, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na mafuta ya pampu ya kutoa maji. Hadi hapo sioni ubaya. Mwenye mali kutoa mali yake na mwenye nguvu kutoa nguvu zake, kisha wakagawana kilichopatikana, ni jambo linaloelekea mudharaba ambao vitabu vyetu vya fikihi vimeuruhusu, maadamu hasara ya mali inabaki kwa mwenye mali. Lakini iko namna nyingine. Mnunuzi humpa fedha mtu mwenye njaa kwa sharti kuwa dhahabu yote itakayopatikana auziwe yeye, tena kwa bei atakayoipanga yeye. Duara likitoa maji badala ya dhahabu, deni hubaki na sharti hubaki. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika darasa la fikihi wanajua nini husemwa juu ya mkopo unaomvutia manufaa mkopeshaji.

Mwaka 2019 serikali ilifungua masoko ya madini, Geita likiwamo, ili mchimbaji auze mahali penye mizani ya wazi na bei inayojulikana. Hilo ni jambo la kheri. Lakini mtu aliyekwisha kuiuza dhahabu yake kabla ya kuichimba, soko litamfaa nini? Hakuweka ratili ya nyama, ni kweli. Pengine ameweka dole gumba juu ya karatasi ambayo hakusomewa. Mtu huyo akiketi mbele ya kisa cha Antonio hahitaji mwalimu wa fasihi amweleze maana ya hati.

Hapa nina neno na mfasiri, pamoja na heshima zote alizostahiki. Shakespeare aliupa mchezo wake jina la mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Mwalimu akasema mabepari, tena kwa wingi. Sababu yake si siri: Azimio la Arusha lilikuwa limetoka mwaka 1967, na neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Jina likapendeza, likashika, hata wasiopata kukifungua kitabu wanalijua. Lakini limechanganya mambo mawili ambayo mchezo wenyewe umeyatenga. Antonio ni mfanyabiashara. Anapeleka bidhaa, anabeba hatari ya bahari, na akikopesha hatozi kitu juu. Shylock hauzi bidhaa. Fedha zake ndizo zinazozaa fedha. Ugomvi wao wa tangu zamani ni huo, na wamo ndani yake hata kabla hati haijaandikwa. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 275, imehalalisha biashara na kuharamisha riba, ikawajibu wale waliodai kuwa mambo hayo mawili ni sawasawa. Basi mtazamaji akiingia uwanjani hali ameshaambiwa na jina kuwa wote ni mabepari, amenyang'anywa kazi ambayo mchezo ulimtaka aifanye yeye mwenyewe. Lau ningekuwa mimi ndiye mwenye kuutia mchezo huu uwanjani Geita, jina la kitabu ningeliacha juu ya jalada lake, na mpiga mbiu angetangaza: Hati ya Ratili Moja.

Kuhusu lugha sina lawama nyingi. Mwalimu amefuata asili, akatumia shairi lisilo na vina, na mtu wa pwani aliyelelewa kwa vina na mizani atashtuka ukurasa wa kwanza. Asome kwa sauti; ataona kuwa mstari unakwenda. Shida iko katika masihara, maana masihara ya Waingereza wa miaka ya 1590 hayakuvuka bahari salama. Yule mtumishi Launcelot Gobbo, aliyewekwa ili watu wacheke, akisomwa leo huchosha. Nafasi yake apewe mchekeshaji wa mahali pale, aseme Kiswahili cha machimboni na Kisukuma chake, wala asibanwe na kitabu. Shakespeare mwenyewe hatadai fidia.

Nije kwenye jambo zito. Nyinyi wa pwani mmezisikia habari hizi redioni. Sisi tunaofundisha Shinyanga tumezisikia majirani wakilia. Tangu kiasi cha mwaka 2007, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga waongo waliwaambia wenye tamaa kuwa viungo hivyo huvuta dhahabu na samaki na bahati. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu ilikaa Kahama ikawahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mwanamume wa miaka 14 katika wilaya ya Bukombe, ambayo siku hizo ilikuwa ya mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 imo katika mkoa mpya wa Geita. Watoto wakakusanywa kulindwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga mjini, mbali na mama zao. Mwezi wa Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Sheria ilifanya yake, na mimbari nazo zilisema. Lakini hotuba humfikia aliyekuja kuisikiliza, na yule anayekwenda kwa mganga usiku hakai safu ya mbele msikitini.

Mchezo humfikia kwa njia nyingine. Shylock anapoinama kunoa kisu chake kwenye soli ya kiatu, na mizani iko tayari, mtazamaji anaona kwa macho yake nyama ya mtu ikitafutiwa uzito. Hakuna aliyetaja ualbino. Hakuna aliyenyooshewa kidole. Hakuna mgeni kutoka mjini aliyekuja na kipaza sauti kuwaambia watu wa Bukombe kuwa wao ni wauaji, jambo ambalo limefanywa mara nyingi, nalo huwafanya watu wema wanyamaze kwa hasira na wabaya wajifiche nyuma yao. Hapa watu wa Venisi ndio wanaotazamwa, na kila mmoja anajihesabu mwenyewe.

Tena nina pendekezo. Sehemu ya Portia, yule anayetoa hukumu ya kwamba damu isimwagwe, apewe mwanamke mwenye ualbino. Nimewaza kwanza kuwa angefaa Antonio, aliyefunua kifua akingoja kisu, nikaona hapana. Wenye ualbino wameonyeshwa vya kutosha wakingoja kisu. Watu wamwone mmoja wao ameketi kwenye kiti cha hukumu, mji mzima umenyamaza kumsikiliza.

Wenzangu katika ilimu watauliza habari ya mwanamke kuvaa nguo za kiume, na Hadithi iliyolaani kujifananisha wanaijua. Mimi nasema joho la kadhi si vazi la kiume kwetu; ni joho. Mtazamaji tangu mwanzo anajua kuwa huyu ni Portia, na ndani ya kisa kujificha kwake ni hila ya kuokoa roho ya mtu. Anayetaka tahadhari zaidi na aweke msimulizi. Jambo hili lisiwe ndilo linalouua mchezo mzima.

Ama sumu iliyomo katika mchezo huu, mwalimu asiyeitaja anafanya khiyana. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi ila katika miaka ya 1650. Maana yake ni kuwa watu waliomcheka Shylock katika London ya Shakespeare walikuwa wakicheka jina tu, kwani wengi wao hawakupata kukaa na Myahudi hata siku moja. Mtazamaji wa Geita naye hajakaa naye. Ni rahisi akatoka uwanjani na chuki aliyoazimwa. Wala msiba wa Palestina si ruhusa ya kucheka hapo. Shylock ametemewa mate na Antonio yule yule tunayemhurumia, ameitwa mbwa, binti yake ametoroshwa na mali yake imechukuliwa. Ndipo anaposema yale maneno yake mashuhuri juu ya mwili wa Myahudi, kwamba umeumbwa kama miili mingine, na huumia kama mingine inavyoumia. Maneno hayo yasikatwe hata neno moja. Katika nchi ambayo watu waliambiwa kuwa mwenzao mwenye ngozi nyeupe si mtu bali ni mzimu asiyekufa, hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yakitakiwa.

Tuwakumbushe watu pia kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alifariki hali deraya yake imo rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri ya nyumbani kwake. Rehani ilikuwa chuma, haikuwa mwili. Na jeneza la Myahudi lilipopita, alisimama, akawajibu waliostaajabu kuwa ile nayo ni nafsi. Antonio hakusimama.

Kisha linakuja jambo ambalo mimi, kila nikilisoma, hunikaa kooni. Baada ya kushindwa, Shylock anasamehewa roho yake kwa masharti, na moja la masharti, alilolitaka Antonio, ni kuwa abatizwe papo hapo. Mahakama inakubali, na mchezo unaendelea kana kwamba amepewa zawadi. Portia alikwisha kusema kwa ufasaha mkubwa juu ya rehema. Hapa hapingi neno. Imani haiingii moyoni kwa hukumu ya mahakama, na Suratul Baqara aya ya 256 imelikata neno hilo. Wako wafasiri wa jukwaani wanaopenda kukificha kipande hiki. Mimi nataka kionyeshwe polepole. Watu wetu wa Shinyanga ni Waislamu, ni Wakristo, na wengi wamo katika dini za wazee wao. Mara nyingi nyumba moja ina zote tatu. Hawa watakijua kipande hicho kuliko waliosomea London.

Na dhahabu? Baba yake Portia aliacha wasia: anayemtaka binti achague kasha moja kati ya matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Mposaji wa kwanza tunayemwona akichagua ni mwana wa mfalme wa Moroko, na kwa dhana njema ni Muislamu mwenzetu, anayeanza kwa kuomba asichukiwe kwa weusi wake. Anachagua dhahabu. Ndani anakuta fuvu. Akishatoka, Portia huyo huyo tunayemsifu kwa hukumu anashukuru kuwa wa rangi ile ameondoka. Nimewaeleza wanafunzi wangu kisa cha makasha hayo mara nyingi, na wenye kaka zao machimboni hawacheki fuvu linapotoka.

Basi tuulete vipi? Nadhani kosa limekuwa la pande mbili. Wenye michezo ya kale waliushika mchezo, wakawaacha watu: ukawa wa darasani, wa mtihani, wa ukumbi wenye tiketi mjini. Wenye michezo ya vijijini waliwashika watu, wakaiacha michezo ya kale. Miaka ya 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, kijiji cha Wasukuma katika wilaya ya Kwimba. Hawakwenda na kitabu. Walikaa na wanakijiji wakawauliza linalowasumbua. Likatajwa la wasichana wa shule kupata mimba. Vijana wakalitia katika ngoma na maigizo, likachezwa hadharani, kisha watu wakalijadili. Ile ilikuwa kazi njema. Walakini sioni kwa nini uwanja kama ule usimkaribishe Shylock. Mtu wa kijiji hana haja ya kuonyeshwa matatizo ya kijiji chake peke yake, kama kwamba dunia nyingine si yake. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka huo huo wa 1969, nayo inangoja uwanja huo, maana ni habari ya watu walioamini dawa iliyowaahidi kinga ya risasi.

Uwanja wenyewe upo. Wasukuma tangu karne ya 19 wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Mavuno yakisha, vikundi viwili huingia uwanja mmoja, vikacheza kwa wakati mmoja, na kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Yale madawa ya kuvutia watu, ambayo pande zote mbili hujifunga nayo, hatuyakubali, na tumekwisha kuyasema. Lakini itazameni hiyo hukumu. Mtazamaji wa Kisukuma anajua kuwa miguu yake ndiyo kura yake. Akichoshwa, anahama hatua hamsini. Wachezaji wa mjini waliozoea watu waliofungiwa ukumbini kwa tiketi wataogopa uwanja huo, na woga huo utawafaa. London ya mwaka 1599, ilipojengwa Globe, mtu alilipa senti moja akasimama chini ya jua, akapiga kelele asipopendezwa. Mwaka 2012 wachezaji kutoka Kenya waliucheza kwa Kiswahili mchezo wa The Merry Wives of Windsor katika Globe mpya, nasi tulifurahi. Nauli ya kwenda London ilipatikana. Ya kwenda Katoro je?

Najua baadhi yenu, hasa wazee wenzangu wa Tanga na Lamu, mtasema: sheikh na michezo, wapi na wapi? Nami nitawauliza, bibi zenu waliujuaje Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na wengi wao hawakushika kalamu? Waliusikia ukighaniwa nyumbani, wakauhifadhi, wakaukosoa aliyeughani vibaya. Hakuna aliyesema utenzi ni wa waliosoma tu. Watu wa bara nao wana masikio. Kuna kiburi cha pwani katika mambo haya, tukiache.

Kwa hiyo mchezo uchezwe wazi, bila ya kiingilio, penye kivuli cha miembe au uwanja wa mnada. Uchezwe baina ya mwezi wa Juni na Agosti, mashamba yakiwa yamepumzika. Wanawake wawekewe upande wao ulio mzuri, si nyuma ya mgongo wa wanaume, maana wengi wao ndio wanaoponda mawe na kupika machimboni, nao ndio waliofichwa na hati nyingi. Uanze Alasiri ikishaswaliwa. Kusoma kitabu chote kunachukua muda mrefu. Kibaki kisa cha hati, makasha, binti wa Shylock kwa kifupi, na mahakama yote kamili.

Portia akishahukumu, na Shylock akishaamriwa kubatizwa, mchezo usimame. Wachezaji wabaki mahali pao, kisu kiko chini, na msimulizi awageukie watu awaulize: hukumu hii ni ya haki? Wajibu wazee, wajibu vijana wa duarani, wajibu wanawake. Mnunuzi wa dhahabu akiwapo, naye ajibu. Ama kitendo cha tano, chenye mbalamwezi na mzaha wa pete, nitakiacha bila ya majuto. Kufika hapo jua limeshatua, na wenye kuswali wanatafuta maji ya udhu.